Kanzu Iliyobaki

Kabla ya adhana ya alfajiri, mashine ya kufulia ililia tik, na mlango wake wa kioo ukafunguka. Ilikuwa inataka nguo. Siku hizi mashine ndiyo inayohesabu watu wa nyumba, kwa jasho lililomo katika nguo zao. Ikikuta jasho la mtu mmoja tu, nyumba hupewa familia, naye hupelekwa kwenye mabweni ya wapweke.

Mume wangu, Mzee Shambe, alifariki mwaka jana. Nguo zake chafu sikuzifua zote pamoja. Kila mwezi nilitia moja, mashine ikamhesabu, nami nikabaki kwangu. Sasa imebaki moja tu, kanzu aliyoivua siku ya mwisho, ninayoilalia.

Jirani yangu Mwanakombo aliingia na shati la mumewe, bado lina joto.

“Tia hili, bibi.”

“Itamjua, mwanangu. Itasema mumeo amehama.”

“Na ahamie! Kwangu kazi yake kukoroma tu.”

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nitoke eda. Kisha nikainusa kanzu, nikaitia. Mikono yangu ilikataa kufunga mlango, akaufunga yeye. Tukakaa sakafuni, tukaitazama ikizunguka katika povu.

“Wakazi wawili,” mashine ikasema. “Mwezi mwema.”

Nilipoitoa, kanzu ilinukia sabuni tu.

Mwanakombo alinipikia chai, akaosha vikombe, akaaga.

“Uje tena, mwanangu,” nikamwambia. “Uje kabla mwezi haujaisha.”