Kitanda cha Sita

Karani Yeremia alikuwa amekwisha kuandika "Amefariki" mbele ya jina la Bi Tabitha, kitanda cha sita, muuguzi alipoingia akihema.

"Mzee wangu, futa hilo! Tabitha yu hai, anadai uji wake. Alfajiri alibadilishana kitanda na Bi Eunike, akikimbia upepo wa dirishani."

"Kitabu hiki hakifutwi, binti." Akapiga mstari mwekundu, akatia sahihi, akateremsha kidole hadi kwenye jina la Eunike.

Mlangoni akasimama bintiye Eunike, chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, babu. Umeshamwandikia mama ruhusa ya kurudi nyumbani?"

"Marahaba," alijibu. Akainua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. Tone la wino likaanguka kwenye nafasi iliyokuwa wazi.