Fuko Apima Kuhamia Kusini

Alikuwako Fuko mmoja ambaye hakuamua jambo lolote kabla ya kulipima kwa mawe. Mwaka ambao mizizi ya kaskazini ilikauka, alimwita Korongo, msafiri wa kila msimu.

"Eti shemeji, huko kusini kukoje?"

"Udongo laini, na viazi vitamu tele."

Fuko akachimbua jiwe kwenye ukuta wa shimo lake, ule ulioelekea kusini, maana ndio uliokuwa na mawe. Akaliweka kulia, upande wa faida.

"Na ubaya wake?"

"Joto kali. Na nyoka wapo."

Akachimbua mawili, akayaweka kushoto.

Korongo alichoka na maswali, akaruka zake. Fuko hakuchoka. Mvua ikizidi, shimo halitajaa maji? Jiwe. Majirani wa kule hawana majungu? Jiwe. Je, usingizi wa kule ni mtamu kama wa hapa? Hilo alilitafutia jiwe kubwa, akachimba sana. Kila swali lilizaa jingine, na kila jiwe lilipatikana mbele kidogo ya lile lililotangulia.

Mwishowe akageuka, akapapasa mistari yake miwili ya mawe. Wa kushoto ulikuwa umezidi. Basi akatoboa juu, akatoa kichwa, akapaza sauti:

"Nimeamua! Sihami ng'o! Nabaki papa hapa!"

Nungunungu, aliyekuwa karibu, akaacha kutafuna kiazi kitamu.

"Karibu sana, jirani," akasema. "Sisi wa kusini tunampenda mgeni asiyesitasita."