Hadi Mgongoni Tu

Kichwa chini, miguu juu, fundi cherehani aliona taa za ukumbi zimekaa sakafuni na viatu vya wanafunzi vimeota kwenye dari. Mwoka mikate, mwanamke mwenye mabega ya kubebea magunia ya unga, alikuwa amemwinamia na kumkamata kola kwa mikono miwili.

"Nyanyua nyonga!" Kocha alifoka. "Bingirika juu ya bega, siyo shingo! Shingo hiyo huna ya akiba, dada!"

Alibingirika. Mguu wake ukapita kati ya mapaja ya mwoka mikate, ukanasa goti kwa nyuma, ukavuta. Mwoka mikate akaenda mbele, akatua kwa viganja. Hapo fundi alipaswa kuibuka nyuma yake na kumpanda mgongoni. Badala yake alibaki chini, amejikunja kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

"Tena," alisema.

Hakuwa na hasira wala hamu. Alisema "tena" kama mtu anayeagiza uzi mweupe.

Jujitsu, mchezo huu wa kukabana na kuangushana, ina mambo mengi, na Kocha alitamani kumfundisha yote. Fundi alitaka hilo moja: kutoka chini ya mtu aliyembana, kujigeuza kichwa chini, kumyumbisha na kuishia mgongoni kwake. Siku aliyokuja kujiandikisha alikuwa na jicho lililovimba na alama za vidole mkononi. Kocha hakumwuliza kitu. Alishawapokea wengi wa namna hiyo mlangoni pale.

Leo, wakiwa wameegemea ukuta wakinywa maji, Kocha aliuliza.

"Analewa?"

"Hanywi hata kidogo."

"Sasa huwa anaanzaje?"

"Akiniona uso tu."

Mwoka mikate alisonya. "Wangu angethubutu, ningemtia kwenye tanuri pamoja na mikate. Dada, ondoka hapo. Chukua cherehani yako, ondoka."

"Nikiondoka atabaki na nani?"

Kocha na mwoka mikate walitazamana.

"Haya ndiyo yanayotumaliza wanawake," Kocha alisema. "Haya, sikiliza. Ukishafika mgongoni, usikae kushangaa. Mkono huu unapita chini ya kidevu, unabana, analala mwenyewe."

"Huko sitaki. Nifundishe hadi mgongoni tu."

"Si sawa na kununua cherehani ukaifanya meza?"

"Na anapokwenda mbele, nataka atue kwa viganja. Asiumie."

"Asiumie!" Mwoka mikate aliinua mikono yote miwili. "Jamani, huyu mtu amekuroga!"

Fundi alitabasamu kwa adabu, akarudi katikati ya ukumbi, akalala chali. Siku hizi mambo yalimfikia kama sauti za nyumba ya jirani: alisikia kwamba watu wanazungumza, basi.

Aliyemtia haraka ni kaka yake. Jumapili iliyopita alikuwa amemshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu.

"Nikija nikakukuta na alama nyingine, anaondoka humu ndani. Nimeshaongea na watu. Watakuja na gari wamchukue."

Aliyasema hayo akiwa amegeukia ukuta.

Fundi hakulia. Alirudi kwenye cherehani, akamalizia pindo la pazia la mteja, na pindo likanyooka. Hakutaka achukuliwe. Hilo alilijua. Zaidi ya hilo, hata angejipekua vipi, asingeokota kitu.

Jumamosi alasiri aliingia chumbani na shati lililotoka kupigwa pasi. Mwanamume alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anatazama mikono yake. Akainua macho. Akauona uso.

Ikawa kama siku zote. Shati likaanguka. Mikono ile mikubwa ikamdaka kola, ikamsukuma, naye akajikuta chali katika uchochoro ulio kati ya kitanda na ukuta, pumzi nzito juu yake.

"Wewe nani? Umeingiaje humu? Toka! Toka kwangu!"

Ngumi ikapanda.

Nyonga. Bega, siyo shingo. Dari ikawa sakafu. Mguu ukapita, ukanasa goti kwa nyuma, ukavuta polepole, jinsi anavyovuta hariri chini ya sindano ili isijikunje. Mwanamume akaenda mbele, akatua kwa viganja juu ya godoro jembamba ambalo fundi alikuwa amelitandika pale tangu juzi. Kabla hajageuka, fundi alishaibuka nyuma yake. Akampanda. Visigino vikashika nyonga, mikono ikamzunguka mabega. Kidevu hakukigusa.

Akafumba macho, akasubiri kutupwa.

Hakutupwa. Chini yake ule mgongo ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kisha ukatulia. Mkono mmoja ukanyanyuka kutoka kwenye godoro, ukapapasa nyuma, ukakipata kisigino chake, ukakivuta mbele kidogo kikae vizuri.

"Shika sana, mwanangu, tunapanda mlima," baba yake alisema, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni, akinguruma kwa midomo kama lori.