Mashine Isiyo na Jicho

Sheria inataka kila mashine ya gemu iwe na jicho la kupima furaha ya mtoto na kuiripoti kwa ofisi ya kata. Upuuzi mtupu! Furaha ya mwanangu inawahusu nini?

Nikachukua king'amuzi cha zamani cha runinga, nikakigeuza mashine ya gemu kwa kukiwekea mfumo endeshi huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Jicho sikuweka ng'o! Wakija, waje.

Binti yangu Mashavu alicheza asubuhi nzima, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Gemu ilipokwisha, akabaki anakikodolea macho kioo.

"Baba, mbona haijaniambia asilimia?"

"Asilimia ya nini?"

"Ya furaha." Midomo ikaanza kumtetemeka. "Sasa nitajuaje kama nimefurahi?"