Zamu ya Kuonja

Siku hizi Mtaa wa Mikwajuni haupati maji mpaka mtu mmoja ayaonje na kuliambia bomba kwamba ni safi. Watu huonja kwa zamu. Asubuhi hiyo zamu ilimwangukia Bi Sikudhani, mama asiyesahau hata ahadi moja ya mabomba mapya waliyowahi kupewa.

Alionja, akatema. Maji yalikuwa na ladha ya msumari.

"Haya si safi," alimwambia jirani yake Mwanakombo, aliyeegemea uzio, mikono imejaa povu. "Na leo nasema."

"Sema, shoga. Kibwana alisema zamu yake, tukakatiwa maji mwezi mzima tukingoja wapimaji. Mpaka leo nani anamsalimia?"

"Kwa hiyo tunywe kutu?"

"Tunakunywa miaka yote. Leo ndiyo umepata ulimi? Mimi nguo zangu ziko kwenye beseni."

Nyuma ya Mwanakombo majirani wengine walisimama wakimtazama Bi Sikudhani. Yeye akasonya, akaliinamia bomba.

"Ni safi," akasema.

Mabomba ya mtaa mzima yakafunguka kwa pamoja, na watu wakatawanyika wakichekeana. Alipoingia ndani baada ya muda alimkuta mkwewe Salha keshakoroga maziwa ya mtoto kwa maji hayo ya bomba.

"Mwaga hayo, mwanangu. Uchemshe maji mengine, uyachuje."

"Jamani mama, si nimekusikia mwenyewe?" Salha alimweka mtoto vizuri mapajani. "Zamu za wengine ndiyo huwa nachemsha. Yako nimeona hakuna haja."

Mtoto alikuwa ameshafika nusu ya chupa.