Katuni ya Kabla ya Chakula

Siku hizi jiko haliwaki mpaka nyumba nzima itazame, kwenye kioo chake, katuni ya elimu kwa jamii. Mada ya mchana huo ilikuwa vipigo majumbani. Bi Sikudhani aliitazama kwa shaka. Mke wa kwenye katuni alijifunga kanga kama yake, na sufuria yake ilikuwa na mfuniko uliobonyea, kama ule ambao Mbwana, mumewe, alimrushia Jumapili.

“Nani kawaambia?” alijiuliza.

Mbwana alicheka. “Mwanamke mjinga huyo! Si aondoke tu?”

Kwenye katuni, mke alingoja mumewe atoke, kisha akavuta begi la safari alilolificha nyuma ya pipa la unga.

Kicheko cha Mbwana kikakatika. Jiko likawaka. Mbwana akainuka taratibu, akaliendea pipa lao la unga.