Ini la Mtu Asiyekunywa

"Virusi viliingia kwenye ini lako ukiwa mtoto mchanga," daktari alimwambia seremala. "Vikakaa kimya miaka arobaini, huku vikiharibu seli zako polepole, mpaka zikageuka saratani. Mara nyingi mtoto huvipata kwa mama yake, anapozaliwa."

Seremala akamgeukia mama yake. Mama alikuwa mzito wa kusikia. Alikuwa akimfuta vumbi la mbao kwenye kola, kwa kidole alichokilowesha mate. Tangu asubuhi alikuwa akiwaambia manesi kwamba mwanawe hajawahi kuonja pombe, na ni kweli.

"Amesemaje, baba?"

Seremala akamwinamia sikioni.

"Ni pombe, mama. Nilikuwa nakunywa kwa siri."

Kidole kikasimama. Kisha kikaendelea kufuta, kwa nguvu zaidi.